UZI: Bububu kabla ya viwanja. Historia ya mji wa pembezoni kwa anayetaka kuhamia

Mleta uzi:

Assalaamu alaykum ndugu zangu, wa Unguja na wa Pemba, mlio nyumbani na mlio ughaibuni. Humu jamvini hayakauki maswali ya watu wanaotafuta kiwanja au nyumba ya kupanga upande wa kaskazini mwa mji, na majibu wanayopewa huwa ni bei, umbali kutoka Darajani, na kama umeme umefika au bado. Mambo hayo ni ya lazima, lakini hayamtoshi mtu anayekusudia kulea watoto wake mahali. Nimefungua uzi huu ili nieleze Bububu imetokea wapi, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba anayehamia pale bila kujua historia ya ardhi ile anaweza kujenga pasipofaa kujengwa, au kununua kisichouzika, na huku akajiona amepata.

Bububu ipo kiasi cha kilomita 10 kaskazini mwa Mji Mkongwe, pwani ya magharibi ya Unguja, katika Wilaya ya Magharibi A. Ukipanda gari ya 502 kutoka mjini unapita Maruhubi, Mtoni, Kibweni na Beit-el-Ras kabla ya kufika njia panda ya kituo cha polisi cha Bububu. Nitaifuata barabara hiyo hiyo katika maelezo yangu, ingawa sitakaa kila kituo kwa muda sawa.

Maruhubi nitaipita haraka. Nguzo zinazoonekana pale kando ya bahari ni mabaki ya jumba alilolijenga Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, mwanzoni mwa miaka ya 1880, na ambalo liliungua mwaka 1899. Mtoni ndipo penye mzizi. Sayyid Said bin Sultan, baba yake Barghash na mtawala wa Oman na Zanzibar, alipoanza kuhamishia makao yake kutoka Maskati, alijenga kasri lake pale kati ya mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa miaka ya 1830, kwa sababu mbili ambazo mtu wa leo anaweza kuzielewa bila ya kuelezwa: palikuwa na maji matamu yanayotiririka hadi pwani, na palikuwa na bandari ya kutosha kutia nanga mbele ya nyumba. Bibi Salme, binti yake, alizaliwa katika kasri hilo mwaka 1844, na baadaye alieleza kwamba humo waliishi watu wapatao elfu moja, na kwamba katika ua wake mkubwa walizurura swala, tausi na mbuni. Ukisimama leo ndani ya kuta zile zilizobaki, ukatazama namna mawe ya matumbawe yalivyopangwa na chokaa ilivyomomonyoka kati yake, unaweza kuona wazi mahali palipokuwa na hamamu, yaani nyumba ya kuogea, na mahali maji yalipoingilia. Nawasihi wazazi wanaohamia maeneo haya wawapeleke watoto wao pale kabla hawajawapeleka kwingine kokote.

Bibi Salme huyo huyo aliishi kwa muda katika nyumba ya shamba hapa Bububu, baada ya mtafaruku wa mwaka 1859, pale kaka yake Barghash alipojaribu kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa Sultani, akashindwa, na akapelekwa uhamishoni Bombay. Kwa hiyo hata wakati huo Bububu ilikuwa kama ilivyo sasa, mahali pa mtu wa mjini anayetaka kupumua mbali kidogo na mji lakini asitengane nao.

Ukiiacha pwani ukapanda mashariki, njia ya Kidichi na Kizimbani, unaingia katika nchi ya mashamba. Mbegu za mkarafuu zililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuzileta ni Saleh bin Haramil, ambaye alipanda Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said aliiona faida yake, akahimiza upandaji, na katika miaka michache vilima vyote vya nyuma ya Bububu vikafunikwa mikarafuu. Huko juu Kidichi ndiko alikomjengea mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, mjukuu wa Shah Fath Ali, hamamu ya mwaka 1850 ambayo mpaka leo kuta zake zina mapambo ya chokaa yaliyochongwa maua, mitende na ndege. Ni kazi ya mkono yenye utulivu ambayo huwezi kuamini kuwa imestahimili unyevu wa vilima vile kwa zaidi ya miaka 170.

Sipendi habari za makasri zisimuliwe bila ya kutajwa waliobeba mzigo. Mikarafuu ile ilipandwa, ikapaliliwa na ikachumwa na watu waliokuwa watumwa, na kila jumba nililolitaja limesimama juu ya jasho lao. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe uliondolewa hadhi yake ya kisheria mwaka 1897. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa tayari kimeing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo karafuu imekuwa zaidi ni habari ya Pemba, huku mashamba mengi ya upande wetu yakijazwa minazi. Mabaki ya minazi hiyo ndiyo munayoyaona yamesimama katikati ya nyumba za Bububu ya leo.

Mleta uzi (sehemu ya pili: maji):

Naiweka habari ya maji peke yake kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Sayyid Barghash aliporudi kutoka uhamishoni, na hatimaye akatawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa ameshaona Bombay namna mji mkubwa unavyohudumiwa. Mji wa Unguja wakati huo ulikuwa ukinywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa ndani ya mji wenyewe, karibu na makaburi na vyoo, na kipindupindu kilikuwa kimeshaua watu wengi mno katika miongo iliyotangulia. Barghash aliamua kuyaleta maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu kwa mfereji na mabomba mpaka mjini, na watu wakayateka bila ya malipo. Wanaotembelea Hamamni, pale Mji Mkongwe, wakaona ukubwa wa hamamu aliyoijenga Barghash wajiulize maji yote yale yalitoka wapi, na jibu lake limo katika njia hii tuliyoifuata.

Kazi ile haikuisha na utawala wake. Chemchemi za Bububu na Mtoni bado zimo katika vianzio vinavyotegemewa na Mamlaka ya Maji Zanzibar kwa ajili ya mji, pamoja na visima vingi vilivyochimbwa baadaye. Maana yake ni kwamba mtu anayefungua mfereji wake Vikokotoni au Kikwajuni huenda anakunywa maji yaliyopita chini ya ardhi ya jirani yako mtarajiwa wa Bububu.

Sasa nizungumze na anayetafuta kiwanja. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, na mawe hayo yana matundu na mapango. Mvua ya masika inayonyesha vilimani haikai juu ya ardhi kwa muda mrefu, bali huzama, ikasafiri ndani ya mawe na kutokeza chini kama chemchemi. Safari hiyo huwa fupi na haina mchujo wa maana. Ukichimba karo la choo katika ardhi ya namna hii, juu ya mkondo wa chemchemi, ulichokimwaga hakiozi na kutulia kama kingetulia katika udongo mzito wa mfinyanzi, bali hufuata njia ile ile ya maji. Ndiyo maana maeneo yanayozunguka vianzio vya maji yametengwa, na ndiyo maana inauma kuona namna nyumba zilivyoyasogelea mwaka hadi mwaka, kila mmoja akisema yake ni moja tu na haidhuru.

Mababu zetu hawakuwa na vipimo vya maabara, lakini waliiacha miti mikubwa imesimama juu ya chemchemi na hawakupaingilia ovyo. Ningependa sana sisi wenye vipimo tusiwe wazembe kuliko wao.

Mchangiaji (Wete):

Maalim, shukrani kwa darsa hili. Mimi nilisoma Nkrumah, chuo cha ualimu cha Beit-el-Ras, miaka ya nyuma, na tulikuwa tukiambiwa kwamba pale palikuwa na jumba la mfalme, lakini hatukuliona jiwe lake hata moja. Je, ni kweli? Na ile reli inayosemwa ilipita wapi?

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza maswali mawili, na jibu lake ni moja.

Sayyid Said alianza kujenga jumba la Beit-el-Ras mwaka 1847, kwa nia ya kuwapunguzia msongamano watoto na jamaa waliokuwa wakiishi Mtoni. Alifariki dunia baharini mwezi wa Oktoba 1856, akiwa safarini kurudi Unguja, na jumba lilikuwa halijakamilika. Halikumaliziwa. Likakaa gofu kwa karibu nusu karne, mpaka ilipokuja reli.

Reli hiyo ilijengwa na kampuni ya Kimarekani kutoka New York, Arnold, Cheney and Company, iliyopewa ruhusa na serikali ya wakati huo. Ujenzi ulianza mwaka 1904, na njia ikafunguliwa mwaka 1905. Ilikuwa na urefu wa maili 7, sawa na kilomita 11 na ushei, kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, na katika mitaa ya Malindi ilipita karibu sana na milango ya nyumba za watu. Wajenzi walihitaji mawe, na gofu la Beit-el-Ras lilikuwa kando ya njia yao, kwa hiyo sehemu kubwa ya jumba lile ilivunjwa na ikatumika katika ujenzi wa reli. Ndiyo sababu wewe na wenzako hamkuona kitu. Baadaye kikajengwa chuo cha ualimu, ambacho baada ya Mapinduzi kilipewa jina la Nkrumah, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Ningependa msomaji afikirie kilichofanywa na reli ile kwa Bububu. Kabla yake, mwenye shamba alitegemea punda, ng'ombe wa gari au mashua ili bidhaa zake zifike mjini, na mtu wa kawaida alitembea. Baada yake, watu waliweza kutoka Bububu asubuhi na nazi, ndizi na muhogo, wakauza mjini na kurudi jua lingali juu. Watu wa mjini nao walianza kuja pwani ya Bububu kutembea na kupunga upepo. Kwa maoni yangu hapo ndipo Bububu ilipoacha kuwa shamba na kuanza kuwa kitongoji cha mji, miongo mingi kabla hajatokea mtu wa kupima viwanja.

Serikali iliinunua reli mwaka 1911. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari ya moto barabarani yalikuwa yameshachukua abiria, na treni ya abiria ikasimamishwa. Njia ikaendelea kwa miaka kadhaa kubeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha ikang'olewa. Kwa hiyo mawe ya Beit-el-Ras yalijenga reli, na reli nayo ikabeba mawe ya kujenga bandari ya mjini. Tangu enzi hizo sehemu hii ya kisiwa imekuwa ikitoa, na mji ukipokea, iwe ni maji, mawe, au chakula.

Mchangiaji (Dar es Salaam, mzaliwa wa Unguja):

Kaka, nimepewa habari ya eneo la nusu eka nyuma ya Bububu kwa juu, na muuzaji anasema ni sehemu ya eka tatu za marehemu baba yake. Bei ni nzuri. Je, historia inasema nini juu ya hizo eka tatu?

Mleta uzi:

Inasema mengi, ndugu yangu, na nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kutoa pesa.

Baada ya utumwa kuondolewa, walioachwa huru wengi hawakuwa na ardhi. Walibaki katika mashamba ya wenyewe kama maskwota, wakiruhusiwa kulima muhogo na mazao mengine chini ya minazi na mikarafuu kwa makubaliano ya kupalilia, lakini hawakuwa na haki ya kudumu na wangeweza kuondolewa. Pamoja nao walikuwamo wahamiaji kutoka bara waliokuja kufanya kazi za mashamba. Manung'uniko ya ardhi yalizidi katika miaka ya 1950, na ni sehemu ya yale yaliyotufikisha tarehe 12 Januari 1964. Upande huu wa barabara haukuwa kando ya tukio lile, kwa sababu kambi ya polisi ya Mtoni ilikuwa miongoni mwa zilizovamiwa usiku ule pamoja na ile ya Ziwani.

Mwezi wa Machi 1964 serikali ya Mapinduzi ilitaifisha ardhi, na katika miaka iliyofuata mashamba makubwa yaligawanywa kwa wananchi, kila aliyepewa akipata eka tatu za kulima. Hiyo ndiyo asili ya eka tatu. Zilitolewa na serikali kwa ajili ya kilimo na maisha ya familia. Hazikutolewa ziwe mali ya kukatwakatwa na kuuzwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 nayo ikaweka wazi kwamba ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais, na alichonacho mtu ni haki ya kuitumia.

Sasa, katika vilima vya nyuma ya Bububu, Kijichi, Kihinani na Dole, eka tatu nyingi zimeshamegwa vipande na vipande vimeshasimama nyumba. Hilo limefanyika mchana kweupe na kila mtu analijua. Lakini kuwapo kwa nyumba ya jirani si hati. Nenda kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia husika, umuulize asili ya eneo hilo, kisha nenda Kamisheni ya Ardhi uulize kama matumizi yake yamebadilishwa kutoka kilimo kuwa makaazi, na uhakikishe kwamba warithi wote wa marehemu, wanaume kwa wanawake, wamekubali mbele ya mashahidi. Dada aliyeolewa Mkokotoni ambaye hakushirikishwa ana haki yake kamili katika mirathi, na akija kuidai baada ya wewe kupiga bati atakuwa na hoja.

Uliza pia minazi ni ya nani. Kwa mila zetu za Unguja na Pemba, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na wapo walionunua kiwanja wakajikuta mwenye minazi anakuja kuangua nazi zake uani. Na ukiambiwa eneo ni la wakfu, jiepushe nalo, kwani lina masharti ya aliyeliweka na lina Kamisheni yake ya kulisimamia.

Mchangiaji (Bububu):

Mimi nimezaliwa hapa na nathibitisha habari ya maji. Utotoni mwetu tukichota chemchemini na tukioga huko huko. Sasa hivi hata njia ya kufikia haionekani kwa kuta za nyumba. Naomba uwaeleze hao wageni wetu pia habari ya msongamano, maana mji umejaa.

Mleta uzi:

Bibi yangu, umesema kweli, na takwimu zinakuunga mkono. Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678, na katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 893,169. Hilo ni ongezeko la karibu watu laki tatu ndani ya miaka kumi, yaani nusu ya waliokuwapo mwanzo. Karibu nusu ya Wazanzibari wote sasa wanaishi katika mkoa huo mmoja. Mji Mkongwe hauwezi kuwabeba, kwani uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na hauruhusiwi kuongezwa ghorofa ovyo, na Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nayo ilishajaa zamani. Watu hao wamekwenda Fuoni, Tomondo, Mwanakwerekwe, Chukwani, Fumba, na wamekuja kwetu.

Kujengwa upya kwa barabara ya Bububu, Mahonda hadi Mkokotoni, kilomita 31, kumeisukuma mbele zaidi mipaka ya mji, kwa sababu sasa mtu anaweza kukaa Chuini au Kihinani na kuwahi kazini mjini. Kilichofanywa na reli mwaka 1905 kwa maili 7, lami inakifanya sasa kwa umbali mkubwa zaidi, isipokuwa kwamba reli ilikuta mashamba na lami imekuta watu. Anayehamia ajue kwamba asubuhi gari hukaa foleni kuanzia Mtoni, na kwamba skuli za karibu zina wanafunzi wengi kuliko madarasa, kwa hiyo nafasi ya mtoto itafutwe mapema.

Hata hivyo sitaki mtu asome uzi huu akadhani namkataza. Bububu ni mahali pema pa kukaa. Bahari iko hatua chache, vilima vya viungo viko nyuma, hospitali na vyuo viko njiani, na jamii yake bado ni ile ambayo mtu akifiwa mtaa mzima unakuja. Ninachokiomba ni mgeni aingie kwa kujua.

Mchangiaji (Dar es Salaam, mzaliwa wa Unguja):

Kaka, nimeongea na muuzaji. Anasema eneo lipo jirani na uzio wa kianzio cha maji, upande wa juu, na kwamba sheha hana pingamizi. Warithi ni wanne na anao watatu waliokubali. Unanishauri nini?

Mleta uzi:

Usilinunue, ndugu yangu. Warithi watatu kati ya wanne bado hawajatimia, na hilo peke yake lingetosha. Lakini hata huyo wa nne akija kesho akaweka dole gumba, eneo lililo upande wa juu wa kianzio cha maji si la kujengwa choo, na kauli ya sheha haiwezi kubadilisha njia ya maji chini ya ardhi. Kama moyo wako uko Bububu, tafuta upande wa chini kati ya barabara na pwani, au kaskazini kuelekea Chuini, mahali palipopimwa na ambapo namba ya kiwanja inaonekana katika vitabu vya Kamisheni. Itakugharimu zaidi. Ukija kisiwani niandikie, nitakwenda nawe kwa sheha na baadaye tutashuka pamoja mpaka chemchemini, ukaone mwenyewe yanapotokea.